Vitufe Vinne vya Mzee Abdala

Ninyi vijana wa ufundi wa gemu mkiniambia, "Bibi, hii unachomeka tu inacheza," huwa siwajibu. Nawaangalia mikono. Kijana akija kuchagua pedi ya gemu, yeye anaangalia rangi, mimi naangalia anavyoishika. Wengine wanaikaba kama usukani wa bajaji. Wengine wana gumba fupi halifiki kitufe cha mbali, na hawajui, wanadhani wao ni wazito tu wa kucheza. Kazi yenyewe iko hapo mkononi, na mimi niliichelewa kuijua. Nilikuwa tayari bibi wa watu.

Naitwa Bi Tatu. Mitaa ya nyuma ya soko la Kariakoo wananiita Bi Pedi, na nimeshachoka kukataa. Shule niliishia darasa la nne. Haya nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari, mjukuu wangu Salma ameyaingiza kwenye kompyuta na kunirekebishia herufi. Maneno nimemkataza asiguse.

Ufundi niliuingilia kwa maandazi. Nilikuwa nauzia barazani kwa fundi redio mmoja, Fundi Seif, mwanamume mrefu asiyependa maneno. Siku moja mikono yote miwili ilikuwa imemjaa, akasema, "Tatu, shika hapa." Nikashika. Nilishika miaka mingi. Yale maandazi yakabaki ya chai yetu wawili.

Fundi Seif alikuwa na tabia iliyowaudhi wateja. Mtu anakuja na redio mbovu, yeye badala ya kuifungua anauliza, "Nyumbani unaiweka wapi?" Mteja anafura. "Fundi, nimekuletea redio, wewe unaniuliza habari za kabati." Kulikuwa na mama mmoja wa Ilala alileta redio yake mara tatu. Kwetu inaimba vizuri, akifika kwake inakoroma. Mara ya nne Fundi Seif alivaa viatu akaondoka naye. Akarudi, akakaa, akanywa chai. Nikamuuliza imekuwaje.

"Iko juu ya friji," akasema.

"Kwa hiyo umefanya nini?"

"Nimeishusha."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nilicheka, halafu nikasahau. Hilo la kusahau mliweke akilini, nitalirudia.

Redio zikaenda, zikaja deki za video, zikaja gemu. Gemu za kwanza kunifikia zilikuwa na adabu. Tundu la kwanza la mchezaji wa kwanza, tundu la pili la wa pili, na namba imeandikwa. Hata aliyekunywa hakosei. Zikifa, ni waya umekatika shingoni kwa sababu watoto wanazivuta, au kimpira cha chini ya kitufe kimelegea. Kimpira nilikuwa nakipangusa kwa pamba na spiriti, kinafufuka.

Sasa hivi watu wanataka gemu la nyumbani ndani ya kompyuta. Unachukua kompyuta iliyostaafu ofisini, unaijaza gemu za zamani na za mpira, unaiunga na TV, unachomeka pedi mbili za waya, sebule inakuwa ukumbi. Mashine inazisoma pedi yenyewe. Huko ndiko mnakopotelea. Kusoma pedi si kumjua mtu.

Nitawapa kidogo ninachokijua. Pedi ukiichomeka, iweke mezani, toa mikono. Wakati inawaka ndipo inapopima kijiti chake cha kuongozea kimesimama wapi katikati. Mimi nilikuwa naichomeka nimeipakata, kijiti kimeegemea kanga, basi mchezaji kwenye skrini anatembea mwenyewe kwenda kushoto kama anaitwa na mtu. Nilirudisha pedi nzima za watu mpaka mwenye stoo anayeniuzia akaniuliza kama nina ugomvi naye.

Ukishachomeka, ndipo unaiseti. Mashine inakuuliza: juu ni wapi, unabonyeza. Chini ni wapi, unabonyeza. Inaendelea hivyo hadi vitufe vyote viishe. Bonyeza mara moja, kwa nguvu ya kawaida, usidonoe. Ukikosea usijaribu kurudi nyuma kwa ujanja. Anza upya. Kiingereza sikijui, lakini maneno ya kwenye skrini nayajua kama nyuso za majirani. Neno la kusevu na neno la kufuta wanakaa mlango mmoja. Niliwahi kuwachanganya, nikafuta kazi ya mchana mzima mbele ya mteja, nikamwambia, "Sasa ndiyo tunaanza rasmi." Alinishukuru kwa umakini.

Basi, alikuja binti mmoja, Rehema, anauza vitenge mtaa wa pili kutoka kwangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Weka mzigo chini, sema."

"Nataka gemu la nyumbani. La baba yangu."

Nikamtazama. "Baba yako ana miaka mingapi?"

"Ni mtu mzima, Bibi. Mzee Abdala, fundi wa kanzu pale Magomeni. Alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Sasa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali anasema gumba limeanza kuitika, alitumie kila siku. Kapewa kimpira cha kuminya, kakitupa uani. Anasema yeye si mtoto."

"Na gemu si la watoto?"

"Hili ni la mpira wa miguu. Mpira anaupenda kuliko mimi."

Nikamwambia anionyeshe kwa mkono wake hilo gumba linavyofanya. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaulegeza wote, akaliacha gumba lishuke taratibu. "Linashuka," akasema, "lakini halichagui pa kushukia."

Maneno yale yalinipa kazi. Pedi upande wa kulia ina vitufe vinne vilivyokaa kama msalaba. Kwenye gemu la mpira kimoja kinapiga golini, kimoja kinatoa pasi, kimoja kinainua krosi, kimoja kinakimbiza mtu. Mwenye gumba lisilochagua hapo ameisha. Nikaiseti pedi yake vitufe vyote vinne vipige golini. Lishuke popote, mpira unapigwa. Pasi nikaihamishia kitufe cha begani mwa pedi, upande wa kushoto, kule kwenye mkono mzima. Pedi ya pili, ya mpinzani wake, nikaiacha kama zilivyo pedi zote.

Ya mzee nikaipaka rangi nyekundu ya kucha mgongoni isije ikachanganywa na mwenzake, maana zilitoka boksi moja, zimefanana kama mapacha waliovalishwa sare. Nikachomeka, yake tundu la mbele ya kompyuta kushoto, ya pili la mbele kulia. Nikamfunga Rehema mkono wa kulia kwa kanga, nikamwachia gumba. Alifunga goli, akacheka, watu wakasimama kutazama.

Kwetu Kariakoo kitu kinajaribiwa mezani. Kikiwaka mbele ya macho yako, ni chako, na muuzaji amemaliza. Nimekua ndani ya desturi hiyo na sijawahi kuilaumu.

"Bibi, utakuja kutufungia nyumbani?" Rehema akauliza.

"Kufunga nini?" nikasema. "Unachomeka tu inacheza."

Ndiyo. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Ikapita wiki na siku kadhaa. Asubuhi moja akaja mtani wangu, Mzee Mihayo. Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo salamu zetu huwa si za msikitini. Alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na anakaa Magomeni ukuta mmoja na Mzee Abdala.

"Mzaramo hujafa tu?" akasema. "Nina hamu na wali wa matanga."

"Nitakuzika wewe kwanza, na sitapika. Unataka nini?"

"Soketi ya ukutani. Na pia nimekuja uone uso wa bingwa." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Lile gemu ulilomuuzia binti wa Abdala, mimi ndiye mfalme wake. Sijawahi kushika kitu kile maisha yangu, siku ya kwanza nimemfunga Abdala manane."

"Wewe? Simu tu unaishika kichwa chini."

"Kipaji, Bi Tatu. Mimi hata sitazami. Ninapobonyeza popote, mpira unakwenda golini. Mwenzangu masikini anahangaika. Anabonyeza, mchezaji wake anatoa pasi kwa mwamuzi."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaiweka chini.

"Umesema popote?"

"Popote. Vitufe vyote vinanitii."

"Pedi unayoshika wewe ina rangi nyekundu mgongoni?"

"Haina. Nyekundu ni ya Abdala. Binti yake hakubali mwingine aishike."

Nikakaa kwenye kigoda. Vitufe vinne vya Mzee Abdala vilikuwa vimekwenda kwa Mihayo. Mashine haikuwa imekumbuka pedi. Ilikuwa imekumbuka tundu. Pedi za aina moja inaziita jina moja, inazigawia kazi kwa kufuata tundu zilikochomekwa, na huko nyumbani mtu alizichomeka kwingine. Rangi yangu ya kucha mashine itaionea wapi?

"Na Abdala mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

Mihayo akapunguza sauti kidogo. "Hasemi. Siku mbili hizi hachezi. Rehema alimpokea pedi akaijaribu yeye, ikafanya kazi vizuri kabisa. Akamwambia, baba, pedi ni nzima, ni mkono tu, tuvumilie. Tangu hapo amegoma na mazoezi. Anasema gumba limekufa na wao wanamdanganya. Cherehani yake nayo ameipatia mtu. Inachukuliwa leo baada ya alasiri."

"Leo?"

"Leo. Mbona umebadilika sura, Mzaramo? Ni kipaji tu, hata wewe Mungu akipenda..."

"Nyamaza, twende."

Nilifunga duka mchana kweupe. Jirani zangu waliulizana nani amefariki.

Njiani ndani ya bajaji nilimfikiria Fundi Seif akivaa viatu vyake kumfuata yule mama wa Ilala. Nilikuwa nimemcheka mtu aliyekuwa akinifundisha. Rehema hakukosea. Aliijaribu pedi kwa mikono miwili mizima, na kwa mikono miwili mizima pedi ile ilikuwa sawa. Mihayo naye hakudanganya. Mimi ndiye niliyemfanya mgonjwa aamini kiungo chake kimekufa, na nilifanya hivyo nikiwa nimekaa mbali, nimeridhika.

Tulipofika, cherehani ilikuwa mlangoni imefunikwa shuka, miguu yake ya chuma imefungwa kamba tayari kwa kubebwa. Rehema alikuwa amesimama pembeni yake kama anayelinda maiti. Akaniamkia, nikaitikia, nikapita.

Mzee Abdala alikuwa sebuleni ameipa TV mgongo. Mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi, mkono wa kulia umelazwa pajani kama si wake.

"Mimi ndiye niliyekuuzia hili gemu," nikamwambia.

"Limefika salama. Ahsante."

"Limefika, ila nimekosea kulifunga."

Hakugeuka. "Bibi, binti yangu amekutuma. Mwambie nimeelewa. Msinitengenezee mkono wangu kwa maneno."

"Mimi sijui kutengeneza mikono. Ningejua nisingekuwa nakaa Kariakoo. Nimekuja kukuonyesha kosa langu, ukitaka tazama, usipotaka endelea kuutazama ukuta."

Nikaenda kwenye kabati la TV. Kompyuta ilikuwa imesukumwa ndani, uso wake umebanwa na ubao wa kabati, matundu ya mbele hayafikiki. Rehema alikuwa amezichomeka nyuma, kama yeyote mwenye akili angefanya, na huko mashine ikaihesabu isiyo na rangi kuwa ya kwanza. Nikawasha gemu, nikavuta pedi isiyo na rangi, nikampa Mzee Abdala katika mkono wa kushoto, upande wake wa kulia nikauegemeza pajani pake, gumba la kulia juu ya vitufe.

"Bonyeza."

"Nimeshabonyeza wiki nzima."

"Ulikuwa unabonyeza pedi ya Mihayo. Bonyeza."

Hapo ndipo aligeuka. Gumba lilishuka taratibu, likaangukia kitufe cha pembeni kabisa, ambacho kwenye pedi ya kawaida si cha kupiga. Kwenye skrini mchezaji akaupiga mpira, ukagonga nguzo ya goli.

Mzee akaliinua gumba, akaliacha lianguke tena mahali pengine. Mpira ukapigwa tena.

"Kwa hiyo Mihayo..." akaanza.

"Mihayo alikuwa anacheza kwa vitufe vyako."

Mzee Abdala akamtazama jirani yake muda mrefu. "Manane," akasema.

"Mimi nilijuaje?" Mihayo akasema. "Mtu akipewa kipaji anauliza kimetoka wapi?"

Sikuishia kubadilishana pedi mikononi, maana kesho mtu angefagia kabati, akachomoa na kuchomeka, tukarudi kule kule. Nikazirudisha zote kwenye matundu nilimozikuta, ya rangi kwa mwenyewe, nikaanza kuseti upya hapo hapo. Safari hii sikubonyeza mimi. Mashine ikiuliza kitufe cha kupiga golini, namwambia mzee ashushe gumba. Linashuka, skrini inapokea. Kitufe cha pili, linashuka. Kile cha mbali kilitushinda mara nyingi. Jasho lilimtoka. Rehema akataka kumsaidia kukisogeza kidole, nikamkata jicho akarudi nyuma. Mwisho kikaingia.

"Imekubali?" mzee akauliza.

"Imekubali. Mashine haina heshima kwa mtu mzima. Usingebonyeza, isingekubali."

Akalitazama gumba lake kama anaangalia mshono.

Nikatoa kile kichupa cha rangi ya kucha mkobani, nikapaka na tundu lenyewe. Pedi nyekundu, tundu jekundu. Nukta moja tu. Ningeipaka siku ya kwanza nisingempotezea mzee wiki yake.

Mtu wa cherehani alibisha hodi tukiwa katikati ya mechi. Mihayo alikuwa ameshafungwa mawili na analalamika kwamba pedi yake imelogwa, vitufe vimeacha kumtii. Rehema akaja kumuuliza baba yake, mkono mmoja kwenye pazia.

"Baba, yule amekuja kuchukua."

Mzee hakuondoa macho kwenye TV. "Mwambie anisamehe. Ina kazi."

Rehema akatoka nje. Alikaa huko zaidi ya muda wa kumwambia mtu neno moja, na aliporudi alikuwa ameosha uso.

Baada ya hapo nilikwenda Magomeni kila mwezi, kumpunguzia vitufe vya kupiga golini. Mwezi wa kwanza nilikirudisha kitufe cha juu kwenye kazi yake ya kawaida. Vikabaki vitatu vya kupiga, ikabidi gumba lijifunze kukwepa kimoja. Alinitukana kwa adabu. Alisema nina roho ya mwalimu wa hesabu. Mwezi mwingine nikakirudisha kingine. Kuna mwezi nilikwenda nikakuta amerudi nyuma, alikuwa na homa, gumba zito. Nikakirudishia kitufe kimoja kazi ya kupiga golini. Kuseti si kuapa, mnaweza kurudi mkaseti tena. Mkijifunza hilo mtapunguza kugombana na mashine na hata na watu.

Ninyi mlio kwenye kazi hii sasa mna vitu nisivyokuwa navyo. Mnatafuta kwenye simu, mnaona video, mnajua Kiingereza cha skrini chote. Nawaonea wivu na nimefurahi. Salma anaseti pedi nne wakati mimi natafuta miwani. Lakini anapofungasha mzigo wa mteja nasikia anauliza, "Nyumbani mtaiweka wapi? Nani atacheza? Nionyeshe anavyoshika." Wateja wanafura. Mimi nakunywa chai.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwa Mzee Abdala kilikuwa kimebaki kitufe kimoja cha kuondolewa kazi ya kupiga. Cherehani ilikuwa dirishani, chini ya sindano pamelala kipande cha kitambaa cheupe chenye mishono mitatu, wa kwanza umepinda kama njia ya mbuzi, wa tatu umenyooka zaidi.

"Toa," akasema.

"Kikitoka hiki, pedi yako itakuwa kama ya mtu yeyote."

"Ndiyo nasema toa."

Nikakitoa, nikasevu, nikahakikisha mara mbili ni neno lenyewe. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Mzee Abdala akanyanyua pedi ya pili kwa mkono wa kulia, taratibu, vidole vyote vikitetemeka, akaninyooshea.

"Kaa."

"Mimi natengeneza. Sichezi."

"Mihayo amekimbilia kwa wajukuu, hataki tena. Kaa, Bi Tatu."

Miaka yote hiyo sikuwahi kucheza mechi hata moja hadi mwisho. Nikakaa. Alinifunga matatu. Salma alipoandika hapa aliniuliza kama nilimwachia mzee wa watu ashinde, nikamwambia anijue: mimi simwachii mtu.